Fundi wa Nyumbani: Betri za Ziada Katika Droni

Mwaka huu naanza kwa kukiri. Waliohudhuria mandari yetu ya kiangazi ya mwaka 2024 wanakumbuka ni kitu gani kilichoanguka karibu na mkeka wa kina mama. Wasilolijua wengi ni kwamba zile waya nilizilehemu mimi, kwa mkono wangu, katika kibanda changu cha nyuma. Lawama zote alibebeshwa mpwa wangu, naye kwa adabu yake akanyamaza. Basi safu hii ni ya kumtoa lawamani, na pia kuwajibu vijana wanne walioniletea habari kwamba na wao wanataka kufanyiwa kazi kama ile.

Mambo yalianza hivi. Kijana ana droni, yaani kile kidege cha pangaboi nne chenye kamera tumboni. Yake ni Mavic Pro, aina iliyotoka mwaka 2016, naye aliinunua ikiwa imekwisha tumika. Kiwanda kilisema itakaa hewani dakika 27. Sisi, kwa upepo wa pwani hii ya kusini ya Uingereza na betri iliyochoka, tulikuwa tukipata 22. Mechi yetu ya waliooa na makapera ina dakika 25 kila nusu, refa akiwa hana njaa. Akaniambia, "Mjomba, kila mwaka bao zuri linafungwa mimi niko chini nabadilisha betri. Hebu nifanyie maarifa." Na mimi mtu akinitajia maarifa, akili yote hunihama.

Maarifa yenyewe si magumu, na hapo ndipo penye hatari. Betri ya droni ile ina vyumba vitatu vya lithiamu na chaji ya mAh 3,830. Tulinunua betri mbili za kawaida za ndege za kuchezea, nazo za vyumba vitatu, mAh 2,200 kila moja. Zinaungwa sambamba: waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, volti zibaki zile zile na chaji izidi. Ukiziunga kwa kufuatana, nyekundu kwa nyeusi, volti zinajumlishwa na mota zinaungua papo hapo. Hilo kila fundi analijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba betri ya Mavic Pro ikijaa hufika volti 13.05, na hizi za kawaida hujaa kwa 12.6. Ziunganishe vivyo hivyo na itakuwa kama mapipa mawili ya maji yaliyoungwa kwa mpira, moja limejaa zaidi ya jingine: umeme unakimbilia kwenye lililopungua, kwa nguvu, na betri inayolazimishwa kupokea kuliko kipimo chake huvimba, hushika moto. Sisi tuliipunguza ile kubwa kwanza mpaka zikalingana, tukapima kwa mita mara tatu. Nasema haya ili mjue kwamba hatukufanya kazi ya ovyo.

Sasa hesabu. Droni peke yake ina gramu 743. Betri mbili za ziada, karibu gramu 180 kila moja, pamoja na waya na soketi, zikaifikisha kilo moja na gramu mia na ushei. Chaji ilikuwa imezidi mara mbili. Tukairusha uwanjani asubuhi moja, mimi na saa mkononi. Dakika 28! Sita tu zimeongezeka. Kijana alifurahi, maana nusu ya mechi ilikuwa imepatikana, lakini mimi nilirudi nyumbani nikikuna kichwa. Sababu ni kwamba betri hujibeba yenyewe kwanza ndipo ikubebee kitu kingine. Kidege kikizidi uzito mara mbili kwa pangaboi zile zile, nguvu ya kukisimamisha hewani tu huzidi karibu mara tatu. Hata wenye viwanda hawaikwepi hesabu hii. Mini 3 Pro, iliyotoka mwaka 2022, ina betri ya kawaida ya mAh 2,453 kwa dakika 34, na kubwa ya mAh 3,850 kwa dakika 47. Chaji imezidi kwa zaidi ya nusu, muda kwa zaidi kidogo ya theluthi, na hao ndio waliokichora kidege wenyewe. Na kwa betri hiyo kubwa kidege kinavuka gramu 250, kikaingia katika sheria kali zaidi.

Siku ya mandari jua lilikuwa jua kweli. Betri tulizifunga ubavuni, moja kila upande, kwa tepu. Zikifanya kazi hupata joto, na joto likailegeza gundi. Dakika ya 19 niliona kwa macho yangu betri ya kulia ikiteleza na kuning'inia kwa waya wake. Droni ikalala upande, mota za kulia zikalia kwa nguvu zote, upepo ukaisukuma kutoka uwanjani mpaka kwenye mikeka. Ilianguka hatua tatu kutoka kwa bi mkubwa wetu mmoja, aliyeuliza, "Kunguru gani huyu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwani mahali ilipoangukia alikuwa ameketi mjukuu wangu, na alikuwa ameondoka pale dakika hiyo hiyo kufuata andazi.

Wala mambo hayakuishia hapo. Betri moja ilikuwa imebonyea pembeni. Kijana akataka kuitia ndani ya mkoba, mkoba uingie garini pamoja na machupa ya chai. Nikamwambia aifukie nusu katika ndoo ya mchanga ya watoto, mbali na watu. Betri hizi hazina gamba la chuma, ni karatasi laini tu, na zikiumia huweza kukaa kimya muda mrefu kabla ya kuwaka. Baada ya dakika arubaini hivi ikavimba kama andazi, ikatoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu, kisha moto. Fikirini ingekuwa ndani ya gari barabarani.

Kwa wale vijana wanne, basi, jibu langu ni hapana, sitalehemu. Na sheria za hapa nazo zisomeni: droni ya uzito ule isisogee chini ya mita 50 kwa watu wasiohusika, isipite juu ya mkusanyiko, isipande zaidi ya mita 120, na isitoke machoni mwako. Sisi tulikuwa tumevunja mbili kwa mpigo kabla hata tepu haijalegea. Mwenye kuipeleka Unguja likizoni ajue kwamba Tanzania hairuhusu bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na betri za akiba ndani ya ndege huwekwa mkoba wa mkononi, haziingii mizigoni.

Mwaka 2025 tulifanya hivi: kijana alinunua betri ya pili ya droni ile ile, akasimama peke yake ng'ambo ya uwanja upande usio na watu, na refa akakubali nusu ya mechi iwe dakika 20. Kubadilisha betri wakati wa mapumziko kulichukua muda mdogo kuliko kukata machungwa. Mabao yote matano yamo katika filamu, na makapera wamefungwa manne.

Mwakani, insha Allah, tutalijibu swali la nyumba tatu juu ya ukungu katika kuta za vyumba vya kulala.