Wati 5000 za kwenye karton ni uongo: nyumba ya Bukama inaomba bafle mbili tu

BUKAMA, Haut-Lomami – Pita sokoni hapa Bukama, kuanzia upande wa gare mpaka kwenye bandari ya Lualaba, utaona karton za mashini za muziki zimepangwa moja juu ya ingine. Juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: wati 3000, wati 5000, wati 10 000. Mbele kuko taa nyekundu na za bluu zenye kuchezacheza. Mwenye kuuza anafungua sauti mpaka meza inatetemeka, na papa mwenye ametoka kuuza samaki wa Kinkondja anatoa makuta. Anafikiri amenunua muziki, kumbe amenunua namba.

Tunaandika juu ya jambo hili, hata kama wengine sokoni watakasirika. Katika nyumba nyingi za kwetu, mashini ya muziki iko kati ya vitu vya bei kubwa, pamoja na mabati, kinga na pano ya jua. Kama makuta ya msimu wa samaki yanaingia humo, mama na papa wa nyumba wako na haki ya kuuliza yatawarudishia nini.

Tuanze na ile namba. Hesabu yake mtoto wa masomo ya msingi anaiweza: volti mara ampere ni wati. Geuza mashini, tazama nyuma, ao soma maandishi madogo ya adapta yake. Mara nyingi utakuta volti 12, ampere 2. Kumi na mbili mara mbili ni 24. Mashini yenye kukula wati 24 itatoa wapi wati 5000? Hakuna ng'ombe anayekunywa ndoo moja ya maji na kutoa maziwa pipa mia mbili. Kwa kupata wati 5000 kwenye batri ya volti 12, ungehitaji ampere zaidi ya 400. Tazama ule waya mwembamba wa nyuma, halafu ujiulize kama unaweza kubeba mzigo huo bila kuungua.

Wafanyabiashara wanajibu: "Lakini imeandikwa PMPO." Ndiyo, na herufi hizo nne ndizo mlango wa udanganyifu. Zinataka kusema nguvu ya kilele, ya kitambo kidogo kuliko kufumba jicho, na hakuna kipimo kimoja chenye kulazimisha viwanda vyote kuihesabu namna moja. Kila mtu anaandika anachotaka. Nguvu ya kweli, ile yenye ampli inaweza kutoa mfululizo, kwa kawaida inaandikwa kwa herufi tatu, RMS. Kama karton haina RMS hata mahali pamoja, chukua kwamba mwenye kuitengeneza hakutaka uijue.

Shida hii haikuanzia Bukama. Huko Marekani, katika 1974, tume ya serikali yenye kuitwa Federal Trade Commission ilitoa kanuni ya kulazimisha watengenezaji wa ampli za nyumbani kupima nguvu kwa njia moja kabla ya kuitangaza. Walikuwa wamechoka na namba za hewani. Mwaka uleule, 1974, inchi yetu ilianzisha Office Congolais de Contrôle, OCC, kwa kukagua bidhaa. Leo bidhaa nyingi za Katanga yetu ya zamani zinaingilia Kasumbalesa, zimetoka Dar es Salaam ao Durban, kisha zinapanda mpaka kwetu. Tunaomba jambo dogo: kila karton ya ampli na bafle yenye kuvuka pale iandikwe nguvu ya kweli, kwa lugha yenye mnunuzi anasoma. Chumvi na unga vinapimwa kwa kilo. Sauti nayo iko na kipimo chake.

Kuko wenye kusema: "Sisi hatujali namba, tunajali inapiga nguvu." Basi tuongee juu ya nguvu. Sikio la mtu halihesabu kama mfuko wa makuta. Ukiongeza wati kutoka 10 mpaka 20, sikio linasikia tofauti ndogo tu, desibeli 3. Kwa kusikia sauti kama imekuwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi. Bafle ya kawaida ya nyumba, ukiipa wati moja tu, inatoa karibu desibeli 86 mpaka 90 kwa umbali wa metre moja. Katika chumba cha metre nne kwa nne, wati moja hiyo inatosha kukuzuia kuongea na mtu wa pembeni. Wati 15 za kweli zinajaza nyumba na kubakisha. Zile zingine zenye umelipia ziko kwenye karatasi tu.

Lakini kosa kubwa zaidi haliko kwenye namba. Liko kwenye umbo la mashini zenyewe. Nyingi ziko na wufa moja kubwa chini na vibafle viwili vidogo vya plastiki. Wufa inapiga besi. Vibafle vinapiga sauti za juu. Sauti ya mtu inakaa katikati, na pale katikati hakuna mwenye kuisimamia. Ndiyo maana unasikia ngoma vizuri na neno husikii. Ndiyo maana katika nyumba nyingi, wakati wa habari, papa anaongeza sauti, anaongeza tena, na bado anauliza: "Amesema nini?"

Kwetu hilo si jambo la mchezo. Kolera inarudi mara kwa mara katika vijiji vya maziwa ya Upemba na kando ya Lualaba. Redio za jamii zinapotangaza namna ya kuchemsha maji, ao Radio Okapi, yenye ilianza 2002 na yenye kutoa habari pia kwa Kiswahili, inapotoa taarifa ya maji kupanda, familia inapaswa kusikia neno zima. Herufi kama s, sh, ch na f zinaishi katika sauti za juu, sauti zenyewe za maneno katikati. Mashini yenye kumeza sehemu hizo inakubakishia "maji ya ku…" na ngurumo.

Na muziki wetu wenyewe unapotea namna hiyo. Hapa jirani, Kamina, padri Guido Haazen alikusanya watoto na walimu katika kundi lenye kuitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Katika 1958 waliimba Missa Luba, wakaenda nayo Ulaya, na Philips ikaitoa kwenye sahani. Miaka kumi baadaye sauti za Kamina zilisikiwa ndani ya filamu ya Uingereza. Shika reli ileile kwenda kusini, ufike Likasi, zamani Jadotville: ndipo katika 1952 Hugh Tracey alirekodi gita la Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, "Masanga". Mtu mmoja anapiga, lakini ukiwa na bafle nzuri unasikia kama magita mawili, nyuzi za chini zinatembea na za juu zinajibu. Mtu wa Brussels ao London anazisikia nyuzi hizo vizuri. Mtoto wa Bukama, mwenye reli ya kwao ndiyo ileile, anasikia bum-bum tu. Hilo halitupendezi hata kidogo.

Sasa tununue nini? Jibu letu ni fupi: bafle mbili ndogo zenye kulingana, sanduku la mbao, kila moja na spika ya sentimetre 10 mpaka 16 na twita yake, pamoja na ampli ndogo yenye kusema kweli. Hakuna wufa, hakuna taa.

Kwa mwenye makuta kidogo, njia nzuri tayari iko mikononi mwa mafundi wetu: redio ya gari ya okazyo. Hata kama imeandikwa 4×50, inatoa karibu wati 15 za kweli kila upande, na inakula batri ya volti 12 moja kwa moja, bila konvertisa. Tafuta spika mbili za gari zenye twita katikati, za omu 4. Fundi wa mbao atengeneze masanduku mawili yenye nafasi ya ndani ya sentimetre 20 kwa 25 kwa 25, karibu litre 12. Afunge kila pembe na kole, hewa isipite, na aweke pamba kidogo ndani. Weka fizible karibu na batri. Unganisha waya nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi itakimbia na utalaumu fundi bure.

Mwenye kununua bafle za okazyo za Bulaya, afungue kitambaa cha mbele. Ile pete ya kuzunguka spika, kama ni ya musi, joto na unyevu vinaioza mpaka inapasuka. Ya kauchu inadumu. Sukuma spika polepole kwa vidole, sawasawa pande zote: ukisikia kitu kinakwaruza ndani, rudisha. Gusa waya zake na jiwe la redio la volti 1.5: spika inapaswa kuruka kidogo na kulia "tak".

Na sokoni, usikubali mwenye kuuza akuchagulie wimbo. Peleka kle yako. Omba azime taa na kibonyezo cha kuongeza besi. Sikiliza kwanza mtu anayeongea, kwa sauti ndogo, ukiwa hatua tatu mbali. Kisha kwaya. Kisha gita. Ngoma iwe ya mwisho. Mashini yenye kuwa nzuri kwa sauti ndogo ndiyo itakuwa nzuri nyumbani.

Faida ingine iko kwenye batri. Batri ya ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1200, na haifai kuitumia kupita nusu. Mashini yenye kukula wati 60 itamaliza nusu hiyo kwa saa 10, mbali na kile konvertisa inachokula. Redio ya gari kwa sauti ya nyumba inakula karibu wati 12: ni saa 50. Tofauti hiyo ndiyo taa ya mtoto ya kusomea usiku.

Tunajua watasema: "Na matanga? Na ndoa?" Kwa sikukuu, kodisha bafle kubwa na uzirudishe kesho yake. Hakuna anayenunua lori kwa sababu siku moja atahama. Shirika la afya la dunia, OMS, linasema desibeli 80 zinavumilika saa 40 kwa juma, lakini 90 saa 4 tu. Mtoto anayelala nyuma ya ukuta wa mashini yenye kunguruma kila usiku anamaliza saa zake mapema, na sikio likikufa halina okazyo.

Basi, wapapa na wamama, mkienda sokoni, pelekeni kle, geuzeni karton, someni adapta, zidisheni volti kwa ampere. Mwenye kuuza akikataa usikilize kabla ya kulipa, makuta yabaki mfukoni, na upite kwa fundi wa mbao.