Wiki ya Nyumbani Tarime: Si Kila Mwaliko wa Kuitikia

Desemba ikikaribia, sisi tuliozaliwa Tarime na Serengeti, tukaletwa visiwani na ndoa, kazi au biashara, huanza kuhesabu siku. Boti hadi Dar es Salaam, kisha basi refu hadi Tarime au Mugumu, na mkobani karafuu, halua na doti za kanga za kugawa. Tukishafika hakuna kupumzika: leo kwa shangazi, kesho posa ya binamu, keshokutwa kutoa pole kwa msiba uliotupita, Jumamosi harusi. Ugali wa mtama, nyama, maziwa ya mgando, na litungu likipigwa uani hadi usiku. Wiki hiyo ni neema, na kuunga undugu ni ibada. Hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni na mwaliko mmoja tu: ule wa sherehe ya binti aliyekeketwa.

Wenyeji wanaujua msimu. Kwa desturi ya Wakurya huangukia zaidi miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwezi wake ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wazee wa koo hutangaza, ngariba hulipwa kwa kila msichana, kisha binti husindikizwa barabarani kwa ngoma na vigelegele, kafunikwa mwavuli, kanga mpya mabegani, noti zimebanwa kwa pini. Nyumbani chakula kimeshaiva. Asiyepitia hayo huitwa msagane, na neno hilo humfuata kisimani, sokoni na hata ukweni.

“Mimi naenda kula tu, sikumkata mtu.” Jamani, tuambizane ukweli. Kisu peke yake hakina nguvu ya kumfanya mama ampeleke mwanawe. Kinachompeleka ni hofu ya kusemwa, na hamu ya kuona ua wake umejaa watu siku moja. Watu hao ni sisi. Noti tunayombana binti wa nyumba hii, jirani anaihesabu kwa ajili ya binti wa kwake. Na mgeni aliyetoka mbali, anayeonekana mambo yake yamenyooka, uzito wake ni mara mbili ya mgeni wa kila siku.

Msituambie sheria ipo. Ndiyo, ipo tangu 1998: mzazi au mlezi anayesababisha msichana wa chini ya miaka 18 akeketwe anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta Mara wanawake 32 katika kila 100 wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta 28, wakati wastani wa taifa ni 8. Imeshuka, lakini kwa mwendo wa kobe. Wenzetu wa ng'ambo ya Sirari, Kenya, sheria yao ya 2011 imekwenda mbali zaidi: hata kumtukana mwanamke kwa sababu hakukeketwa ni kosa. Kwetu sheria inaweza kumfikia ngariba na mzazi. Mgeni anayekula na kushangilia haimgusi. Huyo ni wa kujizuia mwenyewe.

Wengine watasema ni mila, na kwamba sisi tumeshakuwa watu wa pwani. Mila yetu tunaipenda: litungu, ngoma, ukarimu, heshima kwa wazee. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji damu ya mtoto wa kike. Wala dini haiwezi kuwa kisingizio, maana si Qur'ani wala Biblia iliyoagiza wasichana wakeketwe. Huku visiwani tunakoishi ukeketaji karibu haupo kabisa, na wanawake wanaolewa, wanazaa, wanasali, wanaheshimiwa. Nani athubutu kuwaita wasagane?

Na tukumbuke kwamba Desemba hiyo hiyo, sisi tukizunguka kutoka karamu hadi karamu, wapo mabinti waliotoroka makwao usiku. Wako kituo cha Masanga wilayani Tarime, au nyumba salama za Mugumu na Butiama zinazoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, alilolianzisha Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyekeketwa mwenyewe utotoni. Mabinti hao nao wanataka kushangiliwa. Masanga wanafundishwa, kisha wanafanyiwa mahafali, bila kisu. Kama tuna noti za kutunza, hapo ndipo pa kwenda.

Kwa hiyo safari hii tukubaliane. Mwaliko ukija, tuulize kwa adabu: “Shangazi, ni sherehe ya nini?” Ikiwa ni hiyo, tuseme hatutakuja, na tutaje sababu, tusisingizie tumbo wala safari. Tukisikia binti bado hajapelekwa, tupige 116, au twende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi mapema. Kisha Januari, binti akienda kidato cha kwanza, tununue sare na madaftari, tupike, tualike ukoo mzima, tumfunike kanga na kumbana noti mbele ya wote. Ua wa mama yake nao ujae watu.