Jiografia, Mazingira na Ajira: Kijana wa Familia Maskini Asiishie Mlangoni mwa Chuo Kikuu

Dominika ya Kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, ilipambazuka kwa msiba mkubwa wilayani Hanang, mkoani Manyara. Mvua kubwa ilisababisha sehemu ya mlima kumeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likaushukia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sala zilisaliwa na misaada ikatolewa, kama ilivyopasa. Hata hivyo, yapo maswali ambayo msaada wa dharura hauwezi kuyajibu. Ni mteremko upi ulio hatarini? Ni korongo lipi linaloweza kurudisha maji hata kama limekauka kwa miaka mingi? Nyumba zijengwe umbali gani kutoka hapo? Haya ni maswali ya jiografia na sayansi za mazingira, na nchi isiyokuwa na watu wa kuyajibu mapema hulazimika kuyajibu makaburini.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Tanzania inao vijana waliosomea mambo hayo, na wengi wao wamekaa nyumbani bila kazi. Taifa lina kiu ya maarifa yao, nao wana kiu ya kazi, lakini pande hizi mbili hazikutani. Makala haya yanajaribu kuonesha mahali ambapo daraja limekatika, na nini kifanyike ili kulijenga upya.

Ni haki kwanza kutambua hatua zilizopigwa. Tangu Januari 2016, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za umma, na katika mwaka wa fedha 2022/2023 unafuu huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewawezesha watoto wengi wa wakulima, wafugaji na wavuvi kuingia vyuoni. Kwa mradi wa mageuzi ya elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vyuo vikuu vya umma vinajenga kampasi katika mikoa iliyokuwa pembezoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga Kagera na Lindi, na Chuo Kikuu Ardhi kinajenga Sengerema, mkoani Mwanza. Mlango wa chuo kikuu umepanuka kuliko ulivyokuwa miaka ishirini iliyopita.

Hata hivyo, kuingia mlangoni ni jambo moja, na kutoka ukiwa na uwezo wa kujitegemea ni jambo jingine. Somo la jiografia linaonesha tofauti hiyo kwa uwazi. Kwa miaka mingi limehesabiwa miongoni mwa masomo ya sanaa, hasa kupitia tahasusi zinazoliunganisha na historia na lugha. Kwa sababu hiyo, wahitimu wake wengi wameelekezwa kwenye ualimu, wito mtukufu ambao Kanisa linauheshimu sana. Lakini Serikali inapotangaza nafasi za ualimu, kipaumbele huwa ni masomo ya sayansi na hisabati, na waombaji wa masomo ya sanaa huzidi nafasi zilizopo mara nyingi. Mhitimu husubiri mwaka, husubiri miwili, huku deni la mkopo likiwa bado jina lake. Akibahatika kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa kulilipa.

Tatizo, basi, ni nini? Wapo wanaosema vijana wamechagua fani isiyo na soko. Ukweli hauungi mkono kauli hiyo. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinatambua umuhimu wa kila kijiji kujua malisho yako wapi, mashamba yako wapi na vyanzo vya maji vilindwe vipi, lakini vijiji vingi bado havina mpango huo. Tunafahamu gharama yake: Kilosa na Kiteto, damu ya wakulima na wafugaji imemwagika kwa kugombea ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Hata Sensa ya mwaka 2022 isingewezekana bila kwanza nchi nzima kugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu, kazi ya wachora ramani. Kazi ipo. Kinachokosekana ni bajeti ya kuitekeleza, pamoja na wahitimu waliokwisha kuishika mikononi mwao kabla ya kuhitimu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha suala lenyewe: mafunzo kwa vitendo. Jiografia haijifunzwi darasani peke yake. Mwanafunzi anapaswa kupima mmomonyoko wa udongo akiwa mteremkoni, kuhoji wazee kuhusu mafuriko ya zamani, kusoma picha za satelaiti na kutumia kompyuta kuchora ramani itakayoeleweka na diwani wa kata. Mafunzo hayo yana gharama ya nauli, malazi, chakula na vifaa. Mkopo una fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi hupata mkopo, na wapo wanaopata sehemu tu. Matokeo yake ni ubaguzi wa kimyakimya. Mwenye mjomba Dodoma au Dar es Salaam hupata pa kulala, na hufanya mafunzo katika wizara au kampuni inayotumia mitambo ya kisasa. Asiye na mtu huenda kwenye ofisi iliyo karibu na nyumbani, akapewa kazi ya kupeleka barua. Wote wawili hurudi chuoni na fomu iliyogongwa muhuri, lakini mmoja amejifunza kazi na mwingine amejifunza kusubiri. Umaskini uliodhaniwa kuachwa nje ya lango la chuo umeingia naye hadi ndani, na utamsindikiza hadi kwenye usaili wa ajira.

Kwamba hali inaweza kuwa tofauti, mfano upo. Mwaka 2015 jijini Dar es Salaam ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi wa mitaa inayokumbwa na mafuriko, walichora mifereji, njia na nyumba, wakisaidiwa na picha za ndege zisizo na rubani. Mitaa ilipata ramani za kupanga namna ya kujikinga, na wanafunzi walipata kitu ambacho cheti peke yake hakiwezi kutoa: kazi iliyokamilika, yenye manufaa, wanayoweza kumwonesha mwajiri. Fundisho lake ni kwamba huduma kwa maskini na maandalizi ya ajira vinaweza kuwa tendo moja.

Mafundisho ya Kanisa yanatupatia mwanga katika suala hili. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulitaka vijana wenye kipaji lakini wasio na mali wafunguliwe njia ya elimu ya juu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alirudia wajibu huo kwa vyuo vikuu vya Kikatoliki katika Katiba ya Kitume Ex corde Ecclesiae ya mwaka 1990. Kabla ya hapo, katika Waraka wa Laborem exercens wa mwaka 1981, alikwisha kueleza uchungu wa vijana waliojiandaa kwa masomo kisha wasipate kazi. Naye Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alituonesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Tukiyasoma mafundisho haya kwa pamoja, mhitimu wa mazingira asiye na kazi na kijiji kisicho na mpango wa ardhi vinaonekana kuwa jeraha moja.

Serikali inaweza kutenga fedha za mipango ya matumizi ya ardhi na kuweka sharti kwamba kila timu ya wataalamu iwe na wanafunzi. Vyuo, vikiwemo vya Kanisa, vinaweza kupima mafunzo kwa vitendo kwa kazi iliyofanyika badala ya muhuri, na kumtafutia nafasi yule asiye na jamaa mjini. Hii haimaanishi kukigeuza chuo kikuu kuwa karakana, kwani lengo lake linabaki kuwa kutafuta ukweli. Lakini ukweli kuhusu mto hutafutwa mtoni.

Nasi waamini tusijiweke kando. Parokia na majimbo yetu yana mashamba, shule, zahanati na vyanzo vya maji, na mara nyingi mipaka yake haijapimwa wala hatari zake kuchunguzwa. Parokia inaweza kumpokea mwanafunzi mmoja au wawili wakati wa mafunzo, ikawapa chumba na chakula, na kuwakabidhi kazi halisi: kuchora ramani ya eneo lake, kuonesha makorongo yanayotishia shule, kupanga mahali pa kupanda miti. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuchangia nauli. Wanataaluma Wakatoliki waliobobea katika upimaji na mazingira wanaweza kuwasimamia, kwa ushirikiano na matawi ya wanafunzi Wakatoliki vyuoni. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya harambee nyingi tunazozifanya.

Wazazi wengi wameuza ng'ombe na mashamba ili mtoto afike chuo kikuu. Sadaka hiyo inadai kwamba atakaporudi, jamii iwe imeshajiandaa kumwuliza swali moja lenye maana: katika kijiji hiki, maji yatapita wapi?