Kaa Aliyenyimwa Barafu Yake

NAKATAA, na Kibwana Mbishi

Wiki hii nimekasirishwa na mnyama ambaye hayupo. Wanaonisoma tangu lile suala la mbaazi kutiwa sukari hawatashangaa, wageni wavumilie.

Mpwa wangu alichora kaa. Si kaa yeyote, ni kaa wa minazi, yule wa kisiwani Chumbe mwenye magando ya kupasulia nazi. Badala ya nazi akambebesha mgongoni bonge la barafu, kama yale yanayosukumwa kwa mikokoteni pale sokoni Feri samaki wakishuka. Akaupeleka mchoro kwa vijana wenzake anaocheza nao Pokémon, kwa maana walikubaliana kubuni kiumbe wao wenyewe na kumwingiza kwenye ligi yao. Hilo linawezekana. Pokémon Showdown, programu wanayopiganishia, msimbo wake ni huria, na mmoja wao anayesoma kompyuta chuoni aliahidi kufungua seva yao na kumpandisha humo. Kilichobaki ni kumchagulia aina.

Mimi nilikuwa nimefuata chaji tu. (Kuhusu umeme leo sisemi. Mhariri ameniomba.) Nikapewa shikamoo na kiti cha plastiki, nikasikiliza, na laiti ningeichaji simu kwingine.

Kwa asiyecheza: kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya 18, na aina ndizo zinazoamua pigo lipi limwingie maradufu, lipi nusu, lipi lisimguse kabisa. Mwenye aina mbili hesabu zake huzidishana, kwa hiyo yapo mapigo ya mara nne na ya robo. Ukijumlisha aina mojamoja na jozi zote unapata michanganyiko 171. Ukimwondoa mpwa wangu, baraza lile lilijadili mitatu, na yote mitatu ilikuwa na Chuma.

Juu ya karatasi walishaandika kwa wino mwekundu: AUE MAJOKA. Sikuwa na ugomvi na hilo. Kwenye ligi yao kila mtu ana joka aitwaye Garchomp, na asiye na Garchomp ana Dragonite, joka jingine. Mpwa wangu akasema, "Mimi naona awe Barafu na Mdudu."

Walicheka mpaka mama mwenye nyumba akachungulia. "Mdudu tena! Huyo akiguswa na Moto anakufa mara nne," akasema mmoja. Mwingine, mwenye sauti ya mwenyekiti, akauliza kwa nini kaa asiwe Maji, si anaishi pwani? Hapo nikaingilia, ingawa sikuulizwa. Kaa wa minazi akishakua, ukimtosa baharini anazama. Ni mnyama wa nchi kavu aliyekosa bahati ya jina. Wakanitazama, wakasema, "Sawa, Mjomba," kwa ile adabu ambayo vijana humpa mtu wanayetaka anyamaze.

Kisha wakapiga kura ya kunyoosha mikono: Chuma na Kichimbakazi. Mikono yote isipokuwa mmoja. Wakapiga makofi kabisa! Hoja yao ilikuwa kwamba mchanganyiko huo una udhaifu wa aina mbili tu, Moto na Ardhi. Sumu haimgusi, Joka halimgusi, na mengine tisa humwingia pungufu. Salama salimini.

Sasa twende polepole. Garchomp ni Joka na nini? Joka na Ardhi. Ardhi! Mtu mwenye Garchomp akimwona kaa wenu wa Chuma hatahangaika na pigo la Joka, atapiga Tetemeko. Nguvu ya Tetemeko ni 100. Linaongezwa nusu kwa kuwa ni la aina yake mwenyewe, likikuta Chuma linaongezeka maradufu, imefika 300. Dragonite naye hufundishika pigo hilohilo. Mmemjengea muua majoka nyumba ambayo joka lina ufunguo wake. Kaa wa Barafu na Mdudu, yule mliyemcheka, Mdudu hulikata Tetemeko hilohilo nusu, likamwingia 75. Naye akirudisha pigo la Barafu, Garchomp analipokea mara nne, kwa kuwa Joka huumia kwa Barafu na Ardhi pia huumia kwa Barafu. Dragonite, Joka na Anga, mara nne vilevile. Mpwa wangu alikuwa amefanya hesabu. Wao walikuwa wamehesabu udhaifu.

Ndiyo, najua kuhusu mawe ya mtego. Huyo wa sauti ya mwenyekiti aliyataja kwa furaha: kiumbe wa Barafu na Mdudu akiingia uwanjani penye mawe hayo hupoteza nusu ya uhai kabla hajapepesa macho. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba tangu 2019 mchezo una viatu vizito, ukimvika anakanyaga mawe hayo bila kuhisi. Tena wale mashabiki wa tovuti ya Smogon, ambao ndio mabingwa wa kubuni viumbe wa namna hii kwa pamoja, kiumbe wao wa kwanza kabisa aliitwa Syclant. Aina zake? Barafu na Mdudu. Alipigana enzi za michezo ya Diamond na Pearl, viatu havijashonwa. Na Mollux wao ni Moto na Sumu, kiumbe ambaye maji yangepaswa kumuua, wakampa ngozi kavu inayoyanywa maji hayo na kupona. Kwao hutangulia wazo, kisha aina, ndipo michoro na jina. Nao hupiga kura, lakini kwanza hubishana siku nyingi mpaka mtu atetee chaguo lake kwa sababu.

Vijana wetu hawakubishana, na chanzo nakijua: mkono ulionyooshwa unaonekana. Hakuna anayetaka kukumbukwa kuwa ndiye aliyependekeza Mdudu siku kaa atakapochomwa. Chuma na Kichimbakazi akianguka hakuna wa kulaumiwa. Kwa mantiki hiyohiyo kamati za harusi zimetulisha pilau na soda mwaka baada ya mwaka, na siku mwanakamati mmoja alipothubutu kutaja pweza alihamishiwa idara ya viti.

Kama ni kuchagua Chuma na Kichimbakazi, angalau wangetazama akina nani wengine wamo katika ukoo huo. Yumo Tinkaton na nyundo yake, sawa, mtu wa heshima. Lakini yumo pia Klefki, ambaye ni kishikio cha funguo. Mwangusha majoka wetu ana ndugu wa kutundikwa mlangoni.

Barafu nayo imefutwa mgongoni kwa kifutio, mpwa wangu ameambiwa achore ngao. Jina bado wanatafuta. Nimewatumia pendekezo langu kwa simu: Mjumbe wa Kamati. Hawajanijibu, nadhani wameitisha kikao.