Msafiri ni Maskini, Wala Si Kafiri

Waswahili tuna misemo miwili juu ya msafiri, na yote miwili tumeirithi kwa wazee. Wa kwanza wasema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Wa pili ni mfupi: msafiri kafiri. Ule wa kwanza siku hizi tumeusahau, na huu wa pili ndio ulio midomoni mwetu kila mtu atakapo kufanya safarini jambo ambalo kwao asingethubutu. Akitupa chupa dirishani, msafiri kafiri. Akijisaidia chini ya mti ambao wenzake hupumzikia, msafiri kafiri. Leo nataka kuutetea ule msemo wa kwanza, na ushahidi wangu nimeupata katika safari ya siku kumi na moja niliyoifanya ndani ya gari la kulala.

Naam, gari la kulala. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa umeme hapa Mombasa, alinunua gari kuukuu la abiria, la viti kumi na vinne, akaving'oa viti vyote. Akatia kitanda cha mbao, tangi la maji, meko ya gesi na betri ya pili, na juu ya keria akafunga paneli mbili za kupokea jua. Akaja kwangu akaniambia, "Mjomba, twende tukaone Ziwa Turkana. Hakuna hoteli, hakuna umeme, hakuna bomba. Tutalala tutakapochwelewa na jua."

Nilipoitoa habari hiyo barazani nilichekwa sana. Mmoja aliniuliza, "Shekhe, nyumba unayo, mke unaye, sasa wenda kulala garini kama manamba?" Mwingine akasema hayo ni mambo ya Wazungu, ya watu waliochoka na raha.

Kwa huyo wa pili nina jibu. Babu zetu walipokuwa wakienda Lamu, Unguja na Uarabuni kwa jahazi, walikuwa wakifanya nini? Maji yao yalikuwa ndani ya tangi la mbao, moto wao ulikuwa ndani ya sanduku la mchanga, choo chao kilikuwa kimening'inia nyuma ya chombo, na kitanda chao kilikuwa juu ya shehena. Hapakuwa na duka wala bomba mpaka bandari ya mbele. Nahodha aliyagawa maji kwa kata, na hapana aliyejaza kata mara mbili kwa sababu ana mali zaidi ya mwenzake. Jahazi ndiyo iliyokuwa nyumba yetu ya safari. Tofauti ni kwamba sasa nyumba hiyo ina matairi, na nahodha amekosekana.

Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Tulipita Voi na Nairobi, tukalala Isiolo, na siku ya pili yake tukashika ile barabara kuu ya Moyale, ambayo zamani lori lilikuwa likiisafiri kwa siku kadha na leo ni lami tupu. Tulipofika Laisamis tuliiacha lami, tukaifuata njia ya changarawe iendayo Loiyangalani, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyosimamishwa kule na kufunguliwa rasmi mwaka 2019. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200.

Hapa niseme hesabu, maana safari ya namna hii ni hesabu kwanza na mandhari baadaye. Katika joto lile mtu mmoja ahitaji lita nne au tano kwa siku za kunywa na kupikia tu. Sisi watatu basi twahitaji lita kumi na tano. Tulichukua lita 100, na kila lita ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni kama kwamba tulibeba magunia mawili ya mchele ya kilo hamsini. Kwa hesabu hiyo maji yetu yangetutosha siku sita na ziada. Hesabu ilikuwa sahihi. Waliokosea ni watu.

Jioni ya kwanza nje ya lami, vumbi lilikuwa limetuingia mpaka masikioni. Mpwa wangu alikuwa amefunga pampu ndogo na mpira wa kuogea, na akataka kuionyesha kazi yake. Akaoga kama aogavyo Mombasa. Mwanawe akafuata. Nami, ambaye ndiye mtu mzima na ndiye niliyestahili kuwa nahodha, badala ya kuwazuia nilichukua kitambaa na mpira ule ule nikaosha vioo vya gari, kwa kuwa sipendi kutazama machweo kwenye kioo cha vumbi. Tukalala tumefurahi. Usiku huo huo mpira wa tangi, uliokuwa umelegezwa na mtikisiko wa njia, ukachuruza mpaka alfajiri. Nilipoamka kutia udhu nilikuta mchanga umelowa chini ya gari, na ndani ya tangi hamna kitu. Maji yote tuliyobaki nayo ni chupa mbili za lita moja na nusu.

Nilitayamamu kwa mchanga ule, tukasali, tukaondoka. Saa tatu hivi tulimkuta mzee kasimama kando ya njia na mtoto wa kiume, na mbuzi wachache. Mtoto ameinua dumu tupu, kama wafanyavyo watoto wa huko kila waonapo gari. Tukasimama. Tulikuwa hatujui ni saa ngapi mpaka tufike, na mtoto wetu naye alikuwa na kiu. Tukampa nusu ya chupa. Mtoto akanywa mafunda mawili, akampa mzee, na kilichosalia akakimimina kiganjani kwake akamnywesha mwanambuzi. Mzee akatushukuru kwa lugha tusiyoijua, mkono kifuani. Mpwa wangu hakuondoa gari mara moja. Vioo vilikuwa viking'aa.

Mimi ni mtu niliyekwenda chuoni kabla ya kwenda skuli. Nimesoma katika hadithi kwamba, miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama, yumo yule aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Siku ile nilijitafutia udhuru kwamba sisi hatukumnyima mtu. Lakini udhuru haukukubali. Hatukumnyima, tulikuwa tumeyamwaga chini kabla hajafika.

Na katika hadithi hizo hizo imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja. Mudi ndiyo kibaba chetu, robo ya pishi, maji yasiyofika lita moja. Tangu udogoni nilikuwa nikiisoma habari hiyo kama habari ya watu wa kale. Pale jangwani niliielewa kuwa ni kipimo cha kutumia. Tulipojaza maji tena Loiyangalani, penye chemchemi na mikoma, niliifungia ile pampu sandukuni, nikatoa kata ya kifuu ambayo mke wangu alinitilia mzigoni nami nikaibeba kwa kumstahi tu. Kata moja na nusu yatosha udhu kamili. Siku zote zilizobaki, kwa kuoga, kuosha vyombo na kutawadha, hatukuzidi lita kumi na mbili kwa siku kwa watu watatu.

Kwa mwenye nia ya safari kama hii, haya ndiyo niliyojifunza, na mengi niliyajua kwa gharama.

Maji usiyatie katika chombo kimoja. Tangi likivuja, madumu yabaki. Na katika madumu hayo, moja liwe si lako: ni la yule utakayemkuta njiani.

Umeme nao una kibaba chake. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa hesabu ina wati 1,200 za saa moja, lakini betri ya kawaida ya asidi ukiitumia kupita nusu waifupishia maisha. Kwa hiyo chako halisi ni 600. Friji ndogo, katika joto la kule, yaweza kula karibu hizo zote kwa usiku na mchana mmoja. Sisi tuliizima siku ya tatu, tukala ng'onda, tende na mihogo mikavu, vyakula ambavyo mabaharia walivichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Usilale katika mkondo mkavu wa mto hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Mvua yaweza kunyesha mlimani usikoona, na maji yakakujia usiku huku juu yako nyota zawaka. Wala usiingize jiko la makaa garini ukafunga milango kwa sababu ya baridi: makaa yana hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu wamelala nayo wasiamke. Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa tairi, na uwe na pampu ya kuurudisha. Na pale ziwani, usiku upepo hushuka kutoka upande wa Mlima Kulal kwa nguvu ya kung'oa hema. Elekeza pua ya gari kwenye upepo, na mlango uwe upande uliokingwa.

Sasa nije kwa lile lililonifanya niichukue kalamu. Mahali tulipopiga kambi karibu na ziwa palikuwa pazuri kupita nitakavyoweza kusema, maji yakibadilika rangi kila saa. Lakini nyuma ya mawe, pale ambapo mtu akijificha hudhani hakuna amwonaye, tulikuta chupa za plastiki, vikopo, nepi za watoto, na uchafu wa binadamu ulioachwa wazi karibu na njia wapitiapo wanawake na watoto kuteka maji. Hayo hayakuachwa na wenyeji. Wavuvi wale wa Kielmolo na wafugaji hawanunui nepi. Yaliachwa na wasafiri, watu wa mijini, watu kama mimi. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na mwaka 2020 ikakataza plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi. Lakini nyuma ya jiwe hakuna askari.

Wamarekani, ambao ndio mabingwa wa magari ya kulala, wana kanuni katika jambo hili. Katika ardhi za serikali yao huruhusiwa kukaa bure jangwani, kwa kawaida siku 14, kisha uhame. Na maji machafu ya gari huyamwagi chini, unayabeba mpaka mahali palipotengwa. Mji wao mashuhuri kwa mambo haya ni Quartzsite, katika jimbo la Arizona, ambako kila msimu wa baridi magari hukusanyika kwa maelfu. Na katika makaburi ya mji huo, wasomaji wangu, amezikwa mtu aliyejulikana kwa jina la Hadji Ali, raia wa dola ya Uthmaniya, ambaye jeshi la Marekani lilimleta mwaka 1856 pamoja na ngamia wa kubebea mizigo jangwani. Wenyeji hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na mwaka 1935 akajengewa kaburi la mawe lenye umbo la piramidi, na juu yake sanamu ya ngamia. Basi wale wa barazani wanaosema mambo haya si yetu, na wajue kwamba katika makao makuu ya mambo yenyewe, kaburi linaloheshimiwa ni la haji mchunga ngamia.

Huo msemo wa "msafiri kafiri" nafikiri wazee waliusema kwa kumhurumia msafiri, kwamba shida za njia humpotezea mtu mazoea yake. Sisi tumeugeuza kuwa ruhusa. Na ruhusa za msafiri zajulikana, hazikuachiwa methali. Ameruhusiwa kupunguza sala ya rakaa nne zikawa mbili. Ameruhusiwa kufungua akalipa baadaye. Amekosa maji, ameruhusiwa mchanga. Lakini kujisaidia njiani, kivulini na penye maji kumekatazwa kwa jina, na hapo msafiri hakupewa nafuu yoyote. Dini imempunguzia msafiri rakaa, haikumpunguzia adabu. Mwenye kutaka haja na aende mbali na maji hatua mia, achimbe kina cha shibiri, afukie. Koleo dogo halina bei.

Chuoni kwetu, tulipokuwa tukiandika kwa wino wa masizi, mwalimu hakutuachia kumwaga ovyo maji tuliyooshea ubao. Yalikuwa na mahali pake, pembeni, pasipokanyagwa na mtu. Nilikuwa mtoto nikidhani ni kwa heshima ya herufi tu. Tulipofungasha kambi yetu siku ya mwisho, mtoto wa mpwa wangu alizunguka mawe yote na mfuko mkononi, akaokota vyetu na visivyo vyetu, kisha akauliza, "Babu, na maji haya ya kuoshea sufuria, nimwage wapi?" Hakuna aliyemwambia aulize.

Mpwa wangu asema mwakani twende tena. Nimemwambia nitakwenda, kwa sharti pampu ibaki Mombasa. Na wale watakaotutangulia nawaachia beti hii moja:

Msafiri shika maji, usiyamwage njiani,
Na akija mhitaji, mpe tele kikombeni,
Gari lako si mtaji, ukiwa huna imani,
Kambi si bati na taa, kambi ni utu moyoni.