Tusidharau vicheko vya kipuuzi vya usiku

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulicheka hadi ukashika mbavu, machozi yakakutoka, na ulipoulizwa kilichokuchekesha ukashindwa kueleza?

Iwapo unakumbuka, basi nina hakika kwamba hukuwa peke yako. Na sitashangaa ukiniambia kwamba ulikuwa usiku, watu wengine wakiwa wamelala.

Kicheko cha aina hiyo hakihitaji hadithi ya maana. Watu wazima, wenye kazi na watoto, hukusanyika kando ya jiko la muuza mutura mtaani Bondeni au kwenye ngazi za ploti huko Kaptembwa. Mmoja anauliza kwa nini heroe hulala akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mwenzake anajibu kwamba akiinua na wa pili ataanguka. Basi! Kuanzia hapo hakuna anayeweza kumaliza sentensi.

Mwingine akidakia kwamba heroe wengi walihama Ziwa Nakuru maji yalipofurika, na kwamba walikimbilia Bogoria usiku wa manane ili landilodi asiwadai kodi, kicheko huanza upya. Asubuhi ukimsimulia mke wako mazungumzo hayo, atakushika paji la uso aone kama una homa.

Wako wanaosema kwamba huo ni utoto, na kwamba mtu mzima hapaswi kukaa usiku akicheka ndege. Maoni yangu ni tofauti. Nasema upuuzi huo ni sehemu ya afya zetu, sawa na chakula na mazoezi, na anayeuacha kwa sababu amekuwa mtu wa heshima anajinyima kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote la dawa. Hata hivyo yako mambo ya kuchunga, nami nitayataja.

Uchovu hulegeza ubongo

Kwanza tuelewe kwa nini jambo lisilo na kichwa wala miguu huchekesha usiku kuliko mchana.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hutuwezesha kujizuia, kupima maneno na kuchunga heshima. Mchana kutwa sehemu hiyo haipumziki: mbele ya mkubwa wako kazini, mbele ya wateja, mbele ya wakwe. Usingizi unapoanza kumnyemelea mtu, ulinzi huo hulegea, na neno ambalo mchana lingezuiwa mlangoni hupita bila kuulizwa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wataalamu wa Marekani waliwakesheza watu kisha wakawaonyesha picha. Waliokesha waliziona picha nyingi zaidi kuwa za kupendeza kuliko wale waliolala, na sehemu za ubongo zinazohusika na raha zilichangamka zaidi. Kwa ufupi, ubongo uliochoka huridhika na kidogo. Ndiyo maana heroe mmoja aweza kuwavunja mbavu watu wanne.

Lakini uchovu peke yake hautoshi. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza watu wakicheka, aligundua kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Aidha, aligundua kwamba sehemu ndogo tu ya vicheko, chini ya asilimia 20, hufuata mzaha halisi. Vingine vyote hufuata maneno ya kawaida kabisa. Kwa hivyo kinachotuchekesha zaidi si mzaha, ni mwenzako aliyeketi mbele yako.

Huko Uingereza, Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake waliwaonyesha watu filamu za vichekesho, kisha wakapima jinsi wanavyostahimili maumivu. Waliocheka walistahimili zaidi kuliko waliotazama filamu zisizochekesha. Mwaka 2017 watafiti wa Finland walionyesha sababu yake: mtu anapocheka pamoja na marafiki, ubongo wake hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ambazo hufanya kazi kama mofini.

Sisemi kwamba kicheko hutibu malaria wala kisukari. Anayekuambia hivyo anakudanganya. Nasema kwamba mtu aliyecheka na wenzake hulala akiwa amepunguziwa mzigo, na mzigo ni kitu ambacho wakazi wengi wa Nakuru wanacho.

Mji wa wageni

Nakuru ulipewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, lakini jiji halileti ndugu. Wengi wetu tulikuja kutoka kwingineko kutafuta riziki. Kijana anayefungasha maua usiku huko Naivasha, bawabu anayelinda duka akiwa amejifunga blanketi, mwendeshaji bodaboda anayesubiri abiria wa mwisho, mwanafunzi wa Egerton pale Njoro anayetetemeka kwa baridi bwenini. Kila mmoja yuko mbali na mama yake. Rafiki anayecheka naye ndiye ndugu wa karibu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mnamo Juni 2025 likasema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Tumezoea kuogopa sigara na mafuta mengi. Sijui kama kuna anayeogopa kukaa wiki nzima bila kucheka na mtu.

Wanaume ndio wazembe zaidi katika jambo hili. Kina mama wana chama, wana usiku wa kumenya viazi kabla ya harusi, ambapo mmoja humwiga bwana harusi anavyotembea hadi sufuria zinapinduka. Mwanamume akishaoa na kupata kazi, huwaacha marafiki mmoja baada ya mwingine na kubaki na wale wa baa tu.

Na hapo tusichanganye mambo. Sheria ya pombe ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la Mututho, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Naivasha, iliwekea baa saa za kufunga ili watu warudi nyumbani. Kicheko cha kweli hakihitaji baa. Ukiona kwamba kundi lenu haliwezi kucheka mpaka chupa ifunguliwe, jueni kwamba inayocheka ni pombe, nanyi mnaisindikiza.

Hata matanga yana vicheko vyake. Katika usiku wa kukesha na wafiwa, mtu hukumbuka jinsi marehemu alivyomsalimia mbuzi gizani akidhani ni mzee jirani, na watu waliokuwa wakilia huanza kucheka. Wengine huona haya. Wasione haya. Wafiwa wanaocheka hawajamsahau mtu wao. Wanapumzishwa kidogo ili waweze kuubeba msiba hadi kesho.

Utani na mipaka yake

Vijana wetu wana mchezo wa mchongoano. Mmoja humwambia mwenzake kwamba chumba chao ni kidogo hivi kwamba chapati hukunjwa mlangoni kabla ya kuingizwa. Naye hujibu kwa kali zaidi. Mchezo huo una kanuni moja kuu: anayechongolewa lazima apate zamu yake, na lazima acheke pia. Asipocheka, mchezo umekwisha. Kinachobaki ni matusi.

Katika Nakuru na Molo kanuni hii ina uzito. Huu ni upande wa nchi ulioona mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena mapema mwaka 2008 baada ya uchaguzi. Watu walifukuzwa makwao na majirani waliowajua kwa majina. Leo ukiwakuta Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo na Mkisii wakiigana lafudhi saa tano za usiku na kuangua kicheko, usidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Watu wasioaminiana hawataniani.

Lakini utani huohuo ukisemwa na mtu asiye rafiki, au ukaelekezwa kwa mtu mmoja kila usiku, hugeuka kidonda. Jiulize: je, huyu ninayemcheka angekuwa ndiye anayesimulia, tungecheka vilevile? Kama jibu ni la, nyamaza.

Si kila kicheko ni furaha

Kuna kisa ambacho kila apendaye kucheka anapaswa kukijua. Mnamo Januari 30, 1962, majuma machache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kilienea hadi kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na ilipofika Machi shule ilifungwa. Wanafunzi waliporudi makwao, kilizuka pia katika kijiji cha Nshamba na kuwapata watu zaidi ya 200.

Madaktari walitafuta sumu wakaikosa, wakatafuta viini vya maradhi wakavikosa. Wasichana wale hawakuwa wakifurahi. Walikuwa wakicheka na kulia kwa zamu, na wengine walikuwa na hofu. Wataalamu waliokichunguza kisa hicho baadaye walikitaja kuwa ni mfadhaiko uliokosa njia nyingine ya kutokea.

Funzo ni kwamba kicheko chaweza kufunika maumivu. Kila kundi la marafiki lina mtu mmoja anayechekesha kuliko wote. Ndiye hungojewa, ndiye huulizwa "leo una nini?" hata kabla hajaketi. Ni nani kati yenu aliyewahi kumuuliza mtu huyo hali yake, kisha akangoja jibu?

Akianza kukosa kuja, au akija anakaa kimya, au mizaha yake yote sasa ni kuhusu kufa na kuondoka, msicheke mkapita. Mchukue kando, muulize waziwazi kama amewaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini akaonwe. Zamani wengi walificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayeumwa na nafsi anahitaji daktari kama anayeumwa na tumbo.

Usingizi haudanganywi

Jambo la mwisho ni la kulala. Nilisema kwamba ubongo uliochoka hucheka upesi. Kumbuka basi kwamba ubongo huohuo ndio unaoshika usukani.

Yeyote apitaye Salgaa usiku huona malori yamepangana na madereva wakinywa chai na kutaniana. Ni vyema wacheke, kwani kazi yao ni ya upweke. Lakini kutoka hapo kuna mteremko ambao umemeza watu wengi. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana huko Migaa, watu 36 wakafa. Sisemi kwamba ajali hiyo ililetwa na usingizi. Nasema kwamba dereva anayejikuta akicheka kila kitu, hata kibao cha barabarani, asijione mchangamfu. Amechoka. Na aegeshe gari alale.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Kwa hivyo usiku wa upuuzi uwe wa Ijumaa au Jumamosi, siku ambayo kesho yake hakuna anayeamka saa kumi na moja. Mkicheka kila usiku hadi saa nane, mtalipa kwa shinikizo la damu na kwa hasira nyumbani.

Ushauri wangu basi ni huu, msomaji. Kabla wiki hii haijaisha, mpigie simu yule rafiki ambaye hamjaonana tangu alipohamia Lanet au ulipohamia Pipeline. Usingoje harusi wala matanga. Mwambie aje, mwandalie chai ya tangawizi, na msiweke ajenda yoyote. Kama mazungumzo yatakwama, muulize habari za heroe.