Nani Anakohoa Humo?

Nikiwa kidato cha tano, swali hilo lilisikika bwenini kwetu karibu kila usiku baada ya taa kuzimwa. Halikuwa swali la huruma. Lilikuwa la kukera, na aliyekohoa alijua hivyo. Jamaa aliyelala kitanda cha juu yangu akajifunza kukoholea kwenye mto. Ikapita wiki, zikapita tatu, ukaisha mwezi.

Alikwenda kwa matroni mara mbili, akapewa dawa ya kikohozi ya maji. Kupata ED ya kwenda hospitali ilikuwa shughuli, maana mwalimu wa zamu alianza kwa kukutuhumu kwamba unatega. Na mitihani ya muhula ilikuwa mlangoni. Mpaka alipoanza kuamka shuka limelowa jasho na sare inampwaya, ndipo akapelekwa kupima. Kifua kikuu. Tukapimwa bweni zima, wakapatikana wengine wawili. Mmoja ni mimi.

Nilimeza dawa miezi sita. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa, nikajua nimekwisha. Muuguzi akacheka, akaniambia ni dawa tu. Sikulipa hata shilingi, kwa sababu vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure. Nikapona kabisa. Kilichoniuma ni kurudi darasani na kukalia dawati peke yangu. Kikombe changu kiliwekwa pembeni, wakati TB haienezwi kwa kikombe wala sahani. Inaenezwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kuongea mahali pasipopitisha hewa. Na madirisha ya bweni, ambayo yangetusaidia, yalikuwa yamefungwa kwa kuogopa mbu na wezi.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya chumba chetu cha hosteli. Ni cha watu wanne, tunalala saba. Mambo ya kubebana, mnayajua. Mmoja wetu alikuwa anakohoa wiki ya tatu. Nikamwambia, kaka, twende zahanati. Akanijibu: "Nikikutwa na kitu nitalala wapi? Mimi nabebwa. Halafu Jumatatu kuna testi."

Huyu anasomea ualimu wa baiolojia. Anajua kwamba ukikohoa wiki mbili au zaidi unapaswa kupimwa. Kesho kutwa atawafundisha wanafunzi hivyohivyo. Kwa hiyo tuache kusingizia uelewa mdogo. Mabango yamejaa kila ukuta. Huyu alipiga hesabu zake, akaona kusema ukweli kutamgharimu kitanda na kozi, na kunyamaza hakumgharimu kitu leo. Gharama ya kunyamaza tunailipa sisi sita tunaolala naye.

Tunapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini nani alimfundisha kuficha? Ni shule iliyomwita mtegaji, na sasa ni chuo kinachomfanya azunguke ofisi tatu kuomba arudie testi moja.

Najua nitaambiwa kwamba tukilegeza, kila asiyejiandaa ataanza kukohoa. Basi acheni wakohoe. Makohozi yanapelekwa maabara, na maabara haidanganywi na sauti. Akipatikana mtegaji, chuo kimepoteza testi moja. Akipita mgonjwa bila kupimwa, chumba kizima kiko hatarini.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke mambo matatu kwa uongozi. Kwanza, cheti cha zahanati kitoshe kumpa mwanafunzi testi nyingine, bila kubembeleza. Pili, mgonjwa asiulizwe amesajiliwa chumba gani kabla ya kutibiwa, na anayebebwa akikutwa na TB apewe pa kulala, asifukuzwe. Tatu, nyavu za madirisha zirekebishwe ili tuweze kulala madirisha yakiwa wazi. Hilo la tatu ni la bei nafuu kuliko yote, na shule za bweni tulikotoka zinalihitaji zaidi yetu.

Na sisi wenyewe, jamani, tusimkimbie aliyeanza dawa. Akizimeza inavyotakiwa, kwa kawaida ndani ya wiki chache haambukizi tena. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajapimwa, na hajapimwa kwa sababu anatuogopa sisi. Ukisikia mtu anakohoa usiku, usiulize ni nani. Muulize asubuhi, mkiwa wawili: umeanza lini?

Kaka yetu tulimsindikiza zahanati Jumanne, testi ikiwa imeshapita. Ameacha makohozi maabara, tunasubiri majibu. Godoro lake liko palepale, na dirisha tumelifungua. Mbu wapo, ila tunavumilia.